Maisha ya George Grenfell, fundi wa masua na mtumishi wa Injili (1849–1906)



Katika mikutano ya vijana wa kanisa hapa Kisangani kuna swali linalorudi kila mara, na haliulizwi kwa ubishi. Kijana anapiga matofali kando ya mto, mwenzake anaendesha toleka tangu alfajiri, dada yao anauza pondu sokoni. Jioni wanahesabu kilichopatikana na kuona ni kidogo, na juma lile lile wanakwenda kwenye matanga ya mwenzao aliyekuwa na bidii kuliko wote. Basi wanauliza: ikiwa mwisho ni udongo kwa mvivu na kwa mchapakazi, tunajichosha kwa nini? Mhubiri katika Biblia alisumbuka na jambo hilo kabla yetu, wala hakuficha uchungu wake. Na sisi wa mji huu tuna sababu zetu. Walioona mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wetu, wanajua jinsi nyumba ya jasho la miaka mingi inavyoanguka kwa asubuhi moja.

Mara hii tunawaeleza maisha ya mtu aliyefanya kazi ngumu kuliko wengi, katika mahali ambapo wenzake walikufa karibu kila mwaka, naye akijua wazi kwamba zamu yake itafika. Jina lake George Grenfell. Wengine watashangaa: gazeti la kanisa lililoanzishwa na Mwafrika linamtafuta nini mzungu wa misioni? Jibu ni fupi. Mtu huyu alifia Basoko, hapa hapa katika Tshopo, akiwa mikononi mwa Wakongo, na kazi yake, ile njema na ile iliyotuletea machozi, ilipita mbele ya milango ya mababu zetu. Hatumwandiki kama mtakatifu. Makosa yake tutayasema pia.

Grenfell alizaliwa tarehe 21 Agosti 1849 huko Sancreed, katika Cornwall, upande wa kusini-magharibi wa Uingereza. Alipokuwa mdogo sana wazazi wake walihamia Birmingham, mji wa viwanda, mji wa chuma na moshi. Huko aliingia kujifunza kazi katika nyumba ya biashara ya vyuma na mashini. Kumbukeni jambo hili, maana lilimsaidia Kongo kuliko masomo mengi. Aliokoka akiwa kijana katika kanisa la Wabatisti, akasoma katika chuo chao cha Bristol, na mwisho wa mwaka 1874 akapanda meli kwenda Kamerun pamoja na mzee Alfred Saker.

Kifo hakikumngojea azoee. Mwaka 1876 alimwoa Mary Hawkes na kumpeleka Kamerun. Januari 1877 alimzika. Hawakumaliza hata mwaka mmoja wa ndoa.

Mwaka 1878 Wabatisti wakamtuma pamoja na rafiki yake Thomas Comber kutafuta njia ya kuingia Kongo, wakafika Mbanza Kongo. Wakati huo huo Grenfell akaanguka. Mama mmoja mwenye asili ya Jamaika, Rose Edgerley, aliyekuwa akimtunzia nyumba, alikuwa na mimba yake kabla ya ndoa. Grenfell akamwoa mwaka ule ule na kujiuzulu kazi ya misioni. Vitabu vya zamani vya Ulaya vilipita juu ya habari hii kwa kunyata. Sisi tunaisema wazi, kwa sababu huyo mama Rose ndiye aliyekaa naye katika taabu zote zilizofuata, na kwa sababu wakubwa waliomwacha aondoke walilazimika kumwita tena. Walihitaji mikono yake.

Walimhitaji kwa kazi moja hasa. Huko Leeds, Uingereza, aliishi tajiri mmoja, Robert Arthington, mtu aliyejinyima hata akaishi kama maskini, ambaye alitoa fedha ili Injili ipande Mto Kongo kwa masua ya mvuke. Masua hiyo ilitengenezwa na kiwanda cha Thornycroft kando ya mto Thames, karibu na London, mwaka 1882. Ilikuwa ya chuma, urefu wake kama mita 21, na tumbo lake halikuzama sana ili iweze kupita juu ya mchanga. Ikaitwa Peace, yaani Amani. Ilijaribiwa mtoni, ikaenda vizuri, kisha ikafunguliwa yote, kipande kwa kipande, ikafungwa katika mizigo kama 800.

Kwa nini kuifungua? Kila Mkongo anajua. Kati ya bahari na Kinshasa mto umejaa maporomoko, na meli haipiti. Wakati ule reli ya Matadi haikuwapo. Mizigo yote ilipaswa kwenda kichwani, zaidi ya kilometa 300, mlima baada ya mlima. Wapagazi hao hawana sanamu popote, na majina yao hayakuandikwa. Kila pagazi alibeba kipande asichojua kazi yake: huyu bati, huyu bomba, huyu kifuko cha misumari. Hata msumari mmoja ukipotea njiani, masua yote inangoja. Nao walifikisha.

Lakini nani ataiunganisha? Misioni ilimleta fundi wa mitambo, kijana anayeitwa Doke. Alifika Kongo mwanzoni mwa mwaka 1883, akafa kwa homa baada ya muda mfupi. Wakatumwa mafundi wengine wawili. Wote wawili walikufa kabla ya kufika mahali pa kazi. Watu watatu, na masua bado ni rundo la vyuma kwenye ukingo wa maji.

Hapa tusimame kidogo. Mtu mwenye akili angeweza kusema kwamba Mungu ameonyesha mapenzi yake, turudi nyumbani. Mwingine angeandika barua Ulaya kuomba fundi wa nne na kungoja chini ya mti. Grenfell alikuwa mhubiri, hakuwa fundi wa meli. Alikuwa na yale machache aliyojifunza ujanani katika duka la vyuma la Birmingham, na alikuwa na vijana Waafrika ambao hawajawahi kuona mashini ya mvuke. Akaanza. Walipanga vipande chini, wakavitambua kimoja kimoja, wakapiga ribiti kwa nyundo katika jua, wakafunga bomba, wakafungua tena walipokosea. Ilichukua miezi. Kazi hiyo haikuwarudisha waliokufa wala haikumpa yeye ahadi ya kuishi. Homa ilikuwa ikimshika na kumwacha kama kawaida ya nchi. Mwezi wa Juni 1884 masua Peace iliingia majini pale kwenye Pool, ikawasha moto, ikatembea.

Tangu siku hiyo mtu huyu aliishi mtoni. Desemba 1884, usiku wa kuamkia Noeli, alifika kwenye maporomoko yetu, mahali pa Wagenia, ambapo baadaye mji wa Kisangani ulikua. Kutoka Kinshasa ni kilometa zaidi ya 1,700. Katika sehemu za mwisho za safari aliona vijiji vilivyochomwa na watu wakijificha katika mitumbwi na watoto wao, kwa maana Wangwana wa Tippu Tip walikuwa wamekwisha kufika wakitafuta pembe na watumwa. Mwaka uliofuata alipanda Ubangi, mto ambao wazungu walikuwa hawajui unatoka wapi. Masua ilikuwa na wavu wa waya pembeni kuzuia mishale.

Tufikiri siku moja ya kazi hiyo ilivyokuwa. Mchana kutwa Grenfell anasimama mbele akiangalia njia ya maji, mtu mwingine anapima kina kwa mti mrefu na kutaja kipimo, naye anaandika: hapa mchanga, hapa jiwe, hapa kisiwa, hapa kijiji. Jioni masua inafunga ukingoni. Wafanyakazi wanashuka na mashoka kukata kuni za kesho, kwa sababu mashini inakula kuni bila kushiba. Wanakata mpaka usiku. Grenfell hajalala bado: anatoa chombo chake, anapima nyota ili ajue mahali walipofika, anaandika tena. Kesho zile kuni zote zitakuwa moshi, na jioni watakata nyingine. Aliifanya kazi hiyo miaka na miaka. Ramani zake za mto kutoka Kinshasa hadi kwetu ziliwastaajabisha wataalamu, na mwaka 1887 Shirika la Kifalme la Jiografia la London likampa nishani ya dhahabu.

Na vifo viliendelea. Comber, rafiki yake wa safari ya kwanza, alikuwa amemzika mkewe mwaka 1879 baada ya majuma machache tu ya kukaa Mbanza Kongo. Ndugu wawili wa Comber walimfuata Kongo, wote wakafia kazini. Comber mwenyewe alikufa mwaka 1887, na mwaka huo misioni ilichimba makaburi mengi. Kulikuwa na watu Ulaya waliouliza kama ni halali kuendelea kuwatuma vijana kwenda kufa. Ni swali la haki, hatulicheki. Baba Grenfell na mama Rose walizika watoto wao pia. Binti yao Pattie alipokua alikuja Bolobo kusaidia kufundisha watoto wa shule. Homa ikamchukua mwaka 1899. Baba yake aliyejua kupima kila jiwe la mto hakuwa na kipimo cha jambo hilo. Aliendelea na kazi. Hatusemi alifanya hivyo kwa furaha, maana mzazi aliyezika anaelewa kwamba kuna siku mtu anashika nyundo kwa sababu mikono ikikaa bure moyo unazama.

Sasa tufike kwenye lile lililo zito, na kwa maoni yetu ni zito kuliko kifo. Mtu anaweza kukubali kwamba atakufa na kazi itabaki. Lakini vipi kazi ikibaki na kuchukuliwa na mwovu?

Mwaka 1887 Stanley, yule tuliyemwita Bula Matari, alikuja na jeshi lake kwenda kumtafuta Emin Pasha. Alikosa meli, akashinikiza misioni mpaka akapewa Peace. Masua iliyonunuliwa kwa ajili ya Injili, iliyounganishwa na watu wa sala juu ya makaburi ya mafundi watatu, ikabeba askari na bunduki kupanda mto mpaka Yambuya, juu ya Basoko. Katika msafara huo huo Tippu Tip alirudishwa kwetu akiwa gavana wa Stanley Falls kwa jina la mfalme Leopold. Wengi wa watu wa nyuma wa msafara ule walikufa Yambuya kwa njaa na magonjwa.

Halafu ramani. Zile namba za kina na mchanga zilizoandikwa kwa uaminifu usiku na mchana ziliwafaa watu wa Injili, na ziliwafaa pia maofisa wa Leopold. Meli za serikali zilipita njia zile zile kwenda kudai mpira. Grenfell aliiamini serikali hiyo kwa miaka mingi. Aliona imewaondoa wakamata-watumwa, akadhani italeta haki. Kati ya 1891 na 1893 alifanya kazi ya kuweka mpaka upande wa Lunda kwa ajili ya mfalme, akapewa nishani. Mwaka 1896 aliwekwa katika tume ya kuwalinda wenyeji, lakini tume hiyo ilikuwa ya karatasi: wajumbe wake walikaa mbali mbali, mbali na misitu ya mpira pia, na hawakukutana ila mara chache. Wakati huo watu wetu walikatwa mikono.

Alichelewa kuona. Tunasema hivyo bila kumwonea. Mwenzake wa Bolobo, Scrivener, alisafiri mwaka 1903 katika nchi ya ziwa ambalo leo ni Mai-Ndombe, akaandika habari za vijiji vilivyobaki mifupa. Grenfell alipokubali ukweli aliiacha ile tume. Jambo hilo lilimuumiza kuliko homa, kwa sababu homa haimwambii mtu kwamba miaka yake kumi ilimtumikia mwongo.

Katika uchungu huo alifanya nini? Alipanda mto tena. Alikuwa na mpango wa kuweka vituo mfululizo kutoka Kongo kuelekea Uganda, ili wahubiri wa mashariki na wa magharibi wakutane. Mwaka 1896 kituo cha Yakusu kilikuwa kimeanzishwa kati ya Walokele, kama kilometa 20 chini ya Kisangani. Mwaka 1902 alipanda Aruwimi mpaka Mawambi, karibu na Uganda. Alitembea, akachagua mahali, akaomba kibali, serikali ikakataa. Akaomba tena, ikakataa tena. Mwisho alipata ruhusa ya Yalemba, na huko, akiwa mtu wa miaka 56 aliyechoka mwili, akaanza kufyeka na kujenga kama kijana.

Lakini kuna kazi nyingine aliyoifanya ambayo haikuonekana katika nishani. Tangu ile siku ya vyuma vilivyolala ukingoni, alikuwa akifundisha vijana. Walijifunza moto na maji ya mashini, usukani, kusoma, kuandika, useremala, kupiga chapa pale Bolobo. Baada ya miaka, masua Peace na ile ya pili, Goodwill, ziliendeshwa na Wakongo. Hakuhitaji tena kungoja fundi kutoka Ulaya afe njiani.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Disasi Makulo, mtoto wa Waturumbu, wa upande wa Basoko. Wangwana walimkamata akiwa mdogo na kumtenga na wazazi wake. Mwaka 1883 Stanley alimkomboa kwa kumnunua pamoja na watoto wengine, na baadaye akaingia mikononi mwa Grenfell. Alikulia masuani na Bolobo. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alirudi upande wa kwao, sasa akiwa mwalimu na mhubiri, kuwafundisha watu wa lugha yake kando ya mto ule ule alioshushwa kama bidhaa. Hapakuwa na mzungu wa kumsimamia kila siku. Alijenga, alilima, alifundisha.

Juni 1906 Grenfell alishikwa Yalemba na homa ya mkojo mweusi. Wale waliokuwa naye walikuwa Wakongo tu. Walimwona anazidi, wakaamua wenyewe. Wakambeba mpaka ndani ya Peace, wakawasha moto, wakamshusha Basoko ambako serikali ilikuwa na daktari. Fikirini jambo hilo: masua aliyoiunganisha kwa mikono yake miaka 22 kabla, sasa analala ndani yake, na anayeshika usukani na anayetia kuni ni watu aliowafundisha. Walimhudumia usiku na mchana, wakasali naye. Daktari hakuweza. Tarehe 1 Julai 1906 alikufa, akazikwa hapo Basoko.

Hakuona mwisho wa karibu lolote alilolianza. Mlolongo wa vituo kwenda Uganda haukukamilika mikononi mwake. Serikali ya Leopold ilikuwa bado inatawala. Ilikuwa mwaka 1908 ndipo mfalme alipolazimika kuiachia Ubelgiji nchi hii. Yakusu ilikuwa kituo kidogo cha nyumba chache. Daktari Chesterman alifika huko mwaka 1920, na kutoka hapo ikakua hospitali iliyopigana na malale katika vijiji vya mto na kufundisha wauguzi Wakongo waliokwenda mbali. Wazee wengi wa Isangi na Kisangani walizaliwa au kutibiwa na mikono iliyofunzwa Yakusu, na wengi wao hawajui jina la mtu aliyekuwa akipima mchanga mbele ya kijiji hicho.

Disasi Makulo aliendelea na kazi baada ya kumzika baba yake wa imani. Alimpita kwa miaka 35. Alipozeeka alimweleza mwanawe habari zote: kukamatwa, kununuliwa, masua, Bolobo, kurudi kwao, na siku zile za mwisho pale Basoko. Mwanawe aliandika. Disasi alikufa mwaka 1941, na mwaka 1983 maneno hayo yakachapwa kitabu mjini Kinshasa, kikiwa na jina la mtumwa wa zamani juu ya jalada.